Kijana Aachapo Kazi Kwenda Kutembea

Walio darasani na wasogee karibu na redio. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matano ya leo: mshahara, akiba, mpaka, pasipoti, nafsi. Maneno haya mtayasikia katika somo. Kila mkilisikia moja, liwekeeni alama.

Siku hizi mijini husikika habari ya namna hii. Vijana wawili au watatu, marafiki waliosoma pamoja na kuajiriwa ofisini, wanaandika barua za kuacha kazi. Hawakufukuzwa. Hawakupata kazi nyingine. Wanasema wanataka kutembea duniani wapate kujijua wao ni nani. Mzazi akisikia hushika kichwa. Husema, "Ada yako nililipa kwa kuuza ng'ombe, na leo waniambia hujijui?"

Leo tulitazame jambo hili bila hasira na bila kushangilia. Wazee wetu walisema, "Mkaa bure si sawa na mtembea bure." Maana yake, anayetembea hakosi kuokota neno. Lakini walisema pia, "Mtembezi hula miguu yake." Maana yake, anayezurura huchoka asipate kitu. Methali ni mbili, na zote ni kweli. Je, kijana wetu yumo katika ipi?

Kwanza tujue kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1957 bwana mmoja wa Uingereza, Oswald-Joseph Garrow-Fisher, alichukua abiria 20 kwa basi kutoka London mpaka Calcutta, katika India, kwa njia ya nchi kavu. Basi liliondoka tarehe 15 Aprili, likafika tarehe 5 Juni. Hesabuni wenyewe. Mtaona ni siku 51.

Katika miaka ya 1960 na 1970 maelfu ya vijana wa Ulaya, Marekani na Australia waliifuata njia hiyo. Wengine walikuwa wanafunzi. Wengine walikuwa makarani, waalimu na mafundi walioacha mishahara yao. Walikutana Istanbul, katika nchi ya Uturuki. Huko palikuwa na mkahawa mmoja wenye ubao ukutani. Msafiri alibandika pale karatasi yake: "Natafuta mwenzi wa safari," au, "Mama, sijambo, nimepita hapa." Kutoka hapo walivuka Irani na Afghanistan, wakapita mlima kwa mlima hata Pakistani na India, na wengi walikomea Kathmandu, mji mkuu wa Nepal.

Walitafuta nini? Si chakula, maana kwao walikula. Si nguo, maana kwao walivaa. Waliona kwamba maisha yao yamekwisha kupangwa na watu wengine: saa ya kuingia ofisini, saa ya kutoka, meza ile ile, mpaka uzee. Walitaka kujua kama ndani yao kuna mtu mwingine zaidi ya yule aketiye mezani. Swali hilo si la kijinga. Hata mkulima akiwa shambani peke yake hujiuliza.

Sasa tuangalie waliishaje. Wengine walirudi wenye afya na maarifa, wakafanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Wengine walizama katika bangi na kasumba, na wako waliofia huko, mbali na mama zao. Serikali ya Nepal ilipiga marufuku biashara ya bangi mwaka 1973. Wengine waliishiwa fedha, wakawaombaomba watu maskini kuliko wao. Njia yenyewe ilifungwa mwaka 1979, yalipotokea mapinduzi ya Irani na majeshi ya Urusi ya Kisovieti yalipoingia Afghanistan.

Chukueni mfano wa vijana wawili, Tony Wheeler na mkewe Maureen. Tony alikuwa mhandisi, naye alikuwa amemaliza masomo ya biashara London. Kampuni ya motokaa ya Ford ilimpa kazi. Akawaomba wamngojee mwaka mmoja. Mwaka 1972 yeye na Maureen walinunua gari kuukuu kwa paundi 65, wakaliendesha mpaka Kabul, wakaliuza huko. Wakaendelea kwa mabasi na magari-moshi mpaka kusini ya Asia, kisha wakavuka bahari. Walifika Sydney, Australia, mwishoni mwa Desemba, mfukoni wamebakiwa na senti 27.

Watu walipowauliza, "Mlipitaje? Mlilala wapi? Ilikuwa bei gani?" waliandika majibu. Mwaka 1973 walitoa kitabu kidogo, nakala 1,500, cha kueleza namna ya kuvuka Asia kwa fedha chache. Hicho kilikuwa mwanzo wa kampuni ya Lonely Planet, ambayo vitabu vyake vimeongoza wasafiri wa nchi nyingi. Mwaka 2007 waliuza sehemu kubwa ya kampuni hiyo kwa tawi la biashara la BBC.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Kijana akisikia habari hii atasema, "Mnaona! Waliacha kazi, wakafanikiwa." Lakini tutazame walichokuwa nacho kabla ya kuondoka. Walikuwa na elimu na ufundi, navyo haviibwi njiani. Walikuwa na pasipoti iliyowafungulia mipaka mingi. Kwao, siku zile, kijana mwenye elimu akirudi aliweza kutumaini kupata kazi nyingine. Tena wengi wao hawakuwa na wadogo wa kusomesha wala bibi wa kununulia dawa kwa mshahara ule.

Kwetu, mshahara wa mtu mmoja mara nyingi ni sufuria ya watu wengi. Kijana akiacha kazi, haachi peke yake. Wanaacha naye mdogo wake aliye shuleni, na mama yake, na shangazi aliyemkopesha nauli ya kwenda mjini. Kwa hiyo tendo ni lile lile, bali bei yake si moja.

Wala msidhani kwamba safari ni mambo ya Wazungu tu. Ibn Battuta wa Tangier, katika Moroko, alisomea sheria kama jamaa zake. Mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliondoka kwao kwenda kuhiji. Alipokwisha kuhiji hakurudi, aliendelea kutembea. Alifika hata pwani yetu, Mogadishu, Mombasa na Kilwa, mwaka 1331. Maelezo yake ya Kilwa yangali yakisomwa na wanaotaka kujua habari za mji ule. Lakini alipokuwa njiani kurudi, alipata habari Dameski kwamba baba yake alikufa miaka 15 nyuma. Na alipokaribia kwao mwaka 1349, akaambiwa kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Dunia aliiona. Wazazi wake hakuwaona tena.

Basi, kijana wako akija na neno hili, umjibu nini? Usimlaani, na usimpigie vigelegele upesi. Tuseme mazungumzo ni haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja siku ya kazi?"

"Mama, nimechoka na ofisi. Mimi na wenzangu tunataka kutembea. Nataka nijijue."

"Haya, keti. Umekula? Kwanza niambie: akiba yako ni ya miezi mingapi? Mdogo wako amebakiza mwaka mmoja shuleni, nani atamlipia? Na ukirudi, utarudi na nini mkononi, au kichwani?"

Mama huyu hakusema hapana, wala hakusema ndiyo. Aliuliza mambo matatu: akiba, wategemezi, na marejeo. Kijana akiwa na majibu, safari yake ina kichwa na miguu. Akikosa majibu, anakimbia kazi tu, na mtu akikimbia kitu, hubeba hofu yake mpaka aendako. Huenda anachotaka ni likizo, au kazi nyingine, au kusema kweli mbele ya mkubwa wake. Hayo yote hayahitaji pasipoti.

Na wewe mzazi, jiulize pia. Je, kijana huyu ulimpeleka ofisini kwa sababu anaiweza kazi ile, au kwa sababu ulitaka majirani wamwone na tai shingoni? Kama hukumwuliza siku ile, msikilize leo.

Nafsi ya mtu haikuangushwa njiani kama shilingi, hata aende kuiokota Kathmandu. Mtu hujijua kwa jinsi atendavyo pale fedha zinapopungua, pale hakuna ajuaye jina la baba yake, na pale anapodaiwa na watu wanaompenda. Safari yaweza kumwonyesha hayo. Nyumbani nako kwaweza. Kwa hiyo kijana aliyejibu maswali yale matatu tumwombee heri, aende, aone, arudi atusimulie. Asiyejibu, na akae kwanza ahesabu.

Hapa ndipo mwisho wa somo la leo. Someni taratibu, mmoja baada ya mwingine, kisha mzungumze. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutakutana tena. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Methali mbili za safari zilizotajwa ni zipi? Taja nyingine unayoijua.

2. Vijana wa Uingereza walikuwa na nini ambacho vijana wengi wa kwetu hawana?

3. Ibn Battuta alipata nini katika safari zake? Alipoteza nini?

4. Andika barua fupi ya mistari sita kwa kijana anayetaka kuacha kazi. Tumia maneno haya: akiba, mshahara, nafsi.