Mbwa wa Kulinda Boma na Kulea Watoto

Wasikilizaji watukufu mlioko Uriri, na ninyi wa Awendo, Rongo na pande zote za Migori na Homa Bay, jioni ya leo nataka tulitafakari jambo ambalo mwenye nyumba aghalabu huliamua kwa haraka, nalo ni kama amnunue kwa fedha nyingi mbwa mchungaji wa Kijerumani, yule mwenye masikio wima ambaye tumezoea kumwona akiandamana na askari polisi, au aende kwa jirani akapewe mtoto wa mbwa wa kienyeji.

Huyu wa kwanza sina la kumtukana. Nasaba yake imeandikwa tangu mwaka 1899, pale Max von Stephanitz, afisa wa jeshi la Ujerumani, alipomwandikisha mbwa wake Horand kuwa wa kwanza katika daftari la jamii hiyo. Na kwa kuwa asili yake ni kuchunga kondoo mchana kutwa, akili yake ni pevu, utii wake ni wa kusifika, na watoto aliolelewa nao huwapenda kwa dhati. Lakini mnyama huyo, ambaye dume lake hufikia kilo 40, hashibi kwa makombo ya ugali na vichwa vya omena, wala hastahimili kufungiwa katika kibanda cha mabati tangu alfajiri hadi magharibi, ilhali wazazi wako katika mashamba ya miwa na watoto wako shuleni. Akikosa kazi, mafunzo na wa kufuatana naye, huingiwa na hofu, na hofu hiyo ikazaa ukali. Na katika maboma yetu yasiyo na malango, ambamo watoto wa majirani hupita bila kubisha hodi, mbwa wa namna hiyo ni hatari iliyo wazi.

Fauka ya hayo yako maradhi. Kupe wa huku hubeba vijidudu viharibuvyo damu ya mbwa hata mkojo wake ukawa mwekundu, na mbwa aliyetoka ughaibuni, asiyeogeshwa dawa kwa zamu isiyokatika, huweza kufa kwa siku chache. Na ninyi mnaoishi karibu na bonde la Lambwe, kando ya mbuga ya Ruma, mnamjua mbung'o na nagana aienezayo, ambayo humdhoofisha mbwa na hata kumtia ukungu machoni.

Mbwa wa kienyeji naye huugua, ila amerithi ustahimilivu kutoka kwa mababu waliopona pale wenzao walipoangamia. Watu humdharau kwa kuwa hana cheti, kana kwamba cheti ndicho kinachobweka usiku. Nao mbwa wa Kongo waliopelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, wakaitwa Basenji, hawakuongezewa tabia mpya kwa kuandikiwa nasaba. Kasoro anazo: huzurura, huiba mayai, na mafunzo hayamwingii upesi. Ukondefu wake, hata hivyo, si kasoro yake bali ni yetu sisi tunaomfuga bila kumlisha. Alishwe, asemeshwe kwa upole tangu utotoni, naye atawatambua watu wa boma na wapita njia wa kila siku, kisha ambwekee mgeni wa usiku bila kumrarua.

Kwa hiyo kwa familia ya kawaida ya Uriri, yenye watoto wadogo na ua ulio wazi, mimi namchagua wa kienyeji bila kusita. Na yule wa Kijerumani namwachia mwenye ukuta, mwenye wasaa wa kumfunza kila siku, na mwenye daktari wa mifugo wa karibu.

Chanjo haibagui baina yao. Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuondoa vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Mchanje wako afikishapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na mtoto akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, kioshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani dalili za kichaa zikishadhihiri tabibu hana tena la kufanya.