Pasi ya Kwanza: Mahali Timu ya Wavu Inapojengwa



Nimepewa kuzungumzia ufundishaji wa mpira wa wavu na ujenzi wa timu imara. Mada ni pana, na ningeweza kuzunguka nayo hadi saa ya chai. Nimeona niibane mahali pamoja: pasi ya kwanza, yaani ule mguso wa kupokea mpira ulioanzishwa na wapinzani. Rai yangu ni kwamba timu nyingi za shule zetu hazishindwi wavuni. Zinashindwa mita sita nyuma ya wavu, kabla mpigaji hajaanza hata kukimbia.

Piteni kwenye viwanja wakati wa maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Wanafunzi wamepanga mstari, mwalimu anarusha mpira juu ya wavu, mmoja mmoja wanakuja, wanaruka, wanapiga. Zoezi hilo linapendeza na watazamaji hulishangilia. Siku ya mechi hakuna mwalimu wa kurusha. Mpira unamfikia seta, yaani mpangaji wa mashambulizi, kutoka kwa mwenzake aliyepokea, na ukifika vibaya, yule mpigaji mliyemnoa mwezi mzima anaishia kuusukuma ng'ambo kwa pasi ya chini.

Sheria za leo zimeifanya kasoro hii iwe ghali zaidi. Zamani ni upande ulioanzisha tu uliopata pointi. Tangu mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1990, kila mpira unaokufa una pointi, seti inakwenda hadi 25 na ya tano hadi 15. Tena timu inayopokea haizunguki nafasi mpaka ishinde mpira huo. Maana yake mpokeaji dhaifu anabaki palepale, na mwanzishaji mwenye akili anamtafuta yeye yuleyule. Pointi sita zinaondoka mwalimu akiwa bado anapiga kelele "Amkeni!"

Waliouelewa mapema uzito wa kupokea walivuna. Wavu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo mwaka 1964, wanawake wa Japani waliwafunga Wasovieti seti 3-0 katika mchezo wa kuamua dhahabu. Hawakuwa warefu kuwazidi wapinzani wao. Kocha wao, Hirobumi Daimatsu, aliwafundisha kuufuata mpira chini, kuuokoa kwa mikono na kuviringika wakasimama tena mara moja. Ukali wa Daimatsu, wa kufanyisha mazoezi hadi usiku wa manane, sishauri mtu auige kwa watoto wa shule. Ufundi wake ndio wa kuchukua. Miaka 20 baadaye, Los Angeles, wanaume wa Marekani chini ya Doug Beal walitwaa dhahabu wakiwa wamekabidhi kazi kubwa ya kupokea kwa watu wawili tu, Karch Kiraly na Aldis Berzins. Wengine waliachwa wafikirie mashambulizi.

Hapa jirani tunao Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, waliotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2023 baada ya miaka minane bila taji. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Paris, walicheza na Brazil, Poland na Japani bila kupata hata seti moja. Kwa macho yangu mikono ya kupiga wanayo. Pengo liko katika kupokea mipira migumu ya kuanzisha, ile inayomlazimisha seta kukimbia na kumwacha achague mpigaji mmoja tu, ambaye wazuiaji wameshamwona.

Sasa tufundisheje? Tuanze na miguu. Mwanafunzi hujifunza kuunganisha mikono akadhani kazi imekwisha, kumbe mpira unapotea kwa sababu amesimama na kuunyooshea mikono ukiwa pembeni. Afike kwanza, asimame, ndipo mikono inyooke, viwiko visikunjwe, mpira uguse juu kidogo ya vifundo. Mikono isibembee, kwa kuwa mpira ulioanzishwa tayari una kasi yake. Kinachoamua uendako ni mwelekeo wa mikono.

Hapo nina ugomvi mdogo na zoezi tunalolipenda, la wawili kusimama wakitazamana na kupigiana pasi. Linafundisha kuurudisha mpira ulikotoka. Katika mechi mpira unatoka ng'ambo na unatakiwa kwenda kwa seta, karibu na wavu, kulia kidogo ya katikati. Fanyeni pembetatu: mmoja anaanzisha, mmoja anapokea, mmoja anasimama mahali pa seta. Shule yenye mpira mmoja inaweza kulifanya hili kwa foleni, na wanaosubiri waokote mpira au wahesabu alama.

Alama zenyewe ni rahisi. Pasi inayompa seta uhuru wa kuchagua yeyote ipewe 3. Inayomruhusu kuchagua wawili, 2. Inayomlazimisha kuunusuru tu, 1. Iliyopotea, 0. Gawanyeni jumla kwa idadi ya mipira iliyopokelewa. Baada ya mechi mbili mtajua ni nani hasa anayebeba timu, na mara nyingi si yule anayeimbwa na mashabiki. Huyo mfupi wa kimya ndiye libero wenu, yaani mchezaji maalumu wa kupokea na kulinda nyuma, ingawa kwa watoto wa chini ya miaka 15 napendelea kila mmoja apokee na kila mmoja apange.

Umoja wa timu, ambao huwa tunauhubiri kwa hotuba, mimi nauona katika nafasi kati ya wapokeaji wawili. Mpira unadondoka hapo, wote wanatazamana, kisha kila mmoja ananyooshea kidole mwenzake. Tatizo hilo huanza kama la makubaliano, na likiachwa huwa la tabia. Kabla ya mechi iamuliwe: mpira mfupi wa katikati ni wa nani, mrefu ni wa nani, na anayeuchukua aseme "Wangu!" kabla haujavuka wavu, wala si baada ya kuugusa. Seta naye afundishwe kupokea pasi mbaya bila kukunja uso, kwa sababu mpokeaji aliyetazamwa vibaya atauogopa mpira unaofuata. Nahodha nisingemchagua kwa urefu wala kwa nguvu za mkono. Ningemtazama aliyeharibu mpira, nione anafanya nini katika sekunde chache kabla ya ule mwingine kuja.

Kocha anapewa mapumziko mawili katika kila seti, ya sekunde 30. Yatumieni kuhamisha wapokeaji hatua moja au kumfunika aliyelengwa. Mengine yasubiri.

Saa tisa alasiri tukutane uwanjani na kalamu na karatasi. Wanafunzi wataanzisha. Wapokeaji tutakuwa sisi walimu, na alama zetu zitasomwa hadharani.