Waziri Mpya Apokelewe na Faili



Nimeombwa nizungumzie intaneti nyumbani.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009. Tangu hapo tumeongozwa na marais watatu: Kikwete, Magufuli na Samia. Sekta ya mawasiliano ilikuwa wizara moja na Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2015 ikaunganishwa na Ujenzi na Uchukuzi. Desemba 2020 ikapewa wizara yake. Septemba 2021 ikaongezewa Habari. TTCL, wasimamizi wa mkongo, walirudi mikononi mwa serikali kwa asilimia 100 mwaka 2016. Hata sisi tumebadilika: Nyasa ilitoka Mbinga ikawa wilaya mwaka 2012.

Pamoja na hayo yote, mkongo haukuachwa njiani. Una mikataba, una mkopo wa kulipa, na una wateja wakubwa kama mabenki na kampuni za simu. Kinachoyumba ni tawi la mwisho, la kwenda kijijini. Ahadi ya jukwaani huondoka na aliyeitoa. Iliyosainiwa hubaki. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 nchini. Hiyo tunaweza kuiulizia kata kwa kata, awe waziri yeyote.

Kwa nini tuhangaike? Kijana wetu akimaliza kidato cha sita, chuo anaomba kwa mtandao, na mkopo vilevile. Huko mwambao wapo wanaopanda mlima kutafuta mtandao, na simu inawakaribisha Malawi! Tarehe ya mwisho ya maombi haiwangoji.

Wazee wetu wa Umatengo hawakuweza kuiamuru mvua. Walichimba ngolo, ikinyesha maji yasiteremke yote bondeni. Nasi tuchimbe ngolo zetu. Mchango wa mwaka huu ujenge chumba cha kompyuta chenye umeme wa uhakika. Vijiji vitenge maeneo ya minara, vikiwa na mihtasari ya mikutano. Maombi yaandikwe, nakala ziende halmashauri zetu zote tatu, na kamati itunze faili moja, likabidhiwe kila uongozi unapobadilika, na wa chama chetu pia.

Siku waziri mpya akifika Mbamba Bay, tumpokee kwa ngoma, ndiyo. Lakini ngoma ikinyamaza, tumkabidhi faili.