Picha ni Amana


Baada ya 1994, picha za watoto waliopotezana na wazazi wao zilibandikwa katika kambi za wakimbizi upande wa Zaire. Wapo wazazi waliowatambua wana wao, na familia zikaungana tena. Hiyo ndiyo kazi njema ya kamera: kushuhudia na kuokoa. Lakini sura ileile, ikitangazwa pamoja na jina na mahali alipo mwenyewe, yaweza kumwelekeza adui aliyekimbiwa.

Basi mpiga picha wa habari asimamapo mpakani na ajiulize kwanza: je, huyu ameridhia? Nani atanufaika, nani atadhurika? Habari huchakaa kesho. Mwenye sura ataishi nayo. Palipo na shaka, uso na ufichwe, ukweli usifichwe.