Haki ya Jioni



Nilipokuwa na miaka kama minane, mtu mmoja alikuja nyumbani kwa bibi yangu mkoani Kagera kurudisha jembe. Alisimama kwenye njia ya migombani, hakukanyaga uwanja. Mkono mmoja ulishika jembe jipya, bapa lake bado lina rangi ya dukani. Mkono wa pili, kikapu kidogo cha maharage. Bibi alimkaribisha mara mbili, akakataa mara mbili. Akasema hapo hapo aliposimama: "Mama, siku ya msiba wa mzee nilichukua jembe lako nyuma ya jiko. Liliisha shambani kwangu. Hili nimenunua. Maharage yametoka kwenye shamba lililolimwa na lile lako."

Msiba ule ulikuwa wa kabla sijazaliwa. Bibi alilipokea jembe kwa mikono miwili, akaligeuza, akaligonga kwa ukucha kusikiliza mlio wake. Kisha akaniagiza buni za kutafuna, na yule mtu akaingia ndani.

Bibi alikuwa mlokole. Neno hilo tumelipata kutoka Kiganda, nalo limetufikia pamoja na Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akitumika Gahini nchini Rwanda, walikaa wakisoma Biblia na kusali pamoja. Katika miaka ya 1930 moto uliwaka Gahini, ukavuka kwenda Uganda, Burundi, Kenya na kwetu Bukoba. Askofu Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa Uamsho huo huo. Wengi wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza na kwa watu waliosimama kusema dhambi zao hadharani. Mimi naukumbuka kwa jembe. Walokole wa zamani walisema mtu akiokoka sharti atengeneze. Kutengeneza maana yake ni kumwendea uliyemkosea, kutaja ulichochukua, na kukirudisha. Watu walirudisha sukari kwa waajiri na kodi kwa serikali. Machozi ya kanisani bila safari hiyo hayakuwatosha.

Nimefundisha theolojia miaka mingi, na kila mwaka nikifika kwenye somo la kuhesabiwa haki, huwa naandika neno "haki" ubaoni na kuwauliza wanafunzi mara ya mwisho walilisikia wapi nje ya darasa. Wanataja mahakama, wanataja siasa. Kisha anatokea mmoja, mara nyingi aliyewahi kubeba zege, anasema: jioni, kwa msimamizi. "Bosi, naomba haki yangu." Kibarua wa Kiswahili haombi mshahara wala malipo, anaomba haki yake. Akishapewa, anahesabiwa noti mkononi, moja moja, naye anahesabu tena.

Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952, walikuta Kiyunani kina neno moja kwa unyofu wa mtu mbele za Mungu na kwa kumpa mtu kilicho chake. Lugha kadhaa za Ulaya zimelipasua neno hilo vipande viwili, kimoja cha kanisani na kimoja cha mahakamani, na wasomi wao wameandika vitabu vingi wakijaribu kuviunganisha tena. Sisi hatukupasuliwa. Haki tunayohesabiwa kwa imani na haki anayohesabiwa fundi saa kumi na mbili jioni zinatamkwa kwa neno moja. Mimi siamini kwamba ni bahati tu ya msamiati. Naamini ni urithi tuliokabidhiwa, nasi tumeuacha upate kutu.

Chukueni mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wengi hawana, kwa sababu saa zake ni saa za Biblia. Mwenye shamba aliajiri watu asubuhi, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. Hatuhitaji maelezo ya pembeni. Saa kumi na moja tunaijua: jua limelala, wanawake wanarudi na kuni, na aliyebaki kijiweni ameshajua watoto watalala vipi. Wale wa saa tatu hawakutajiwa bei, waliahidiwa haki. Mahubiri yote niliyoyasikia juu ya mfano huu yalikuwa juu ya ukarimu, kwamba wa mwisho walipewa sawa na wa kwanza. Ni kweli, na ni injili. Ila kuna jambo dogo ambalo wahubiri wanalipita mbio: ilipofika jioni, mwenye shamba alimwita msimamizi akamwambia awalipe. Jioni ile ile. Hakuna aliyeambiwa "njoo Jumatatu".

Alikuwa anafuata torati. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe siku yake, jua lisichwe kabla, awe ndugu au mgeni, kwa kuwa ni maskini na roho yake yote iko kwenye ujira ule. Asipolipwa, atamlilia Mungu, na kilio hicho kitahesabiwa kuwa dhambi ya mwajiri. Yakobo katika waraka wake anakwenda mbali zaidi: kwake ujira wenyewe, ule uliozuiliwa, ndio unaopiga kelele. Jirani zetu Waislamu nao wamefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Mahali hapa sisi na wao tunasimama kwenye mkeka mmoja.

Sasa niingie nyumbani, maana ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dada wa kazi hakuachwa nje. Katika nyumba nyingi ninazozijua, zikiwemo za watumishi wa kanisa, dada anaamka saa kumi alfajiri kuwaandaa watoto wa shule na analala saa nne usiku vyombo vikiisha. Hizo ni saa 18. Akianza Jumatatu, ikifika Jumatano saa saba mchana ameshamaliza saa zake za wiki nzima. Kuanzia hapo hadi Jumapili, tunapovaa vizuri na kumwacha na mtoto mdogo na sufuria jikoni, anatupa muda ambao hatujaulipia. Na tunasema tunamchukulia kama mwanetu. Wanetu wanalala hadi saa mbili siku ya Jumamosi.

Mtu mkweli hawezi kuusifu Uamsho akaishia hapo. Gahini iko Rwanda, na Rwanda ndiko makanisa kama Ntarama na Nyamata yalikogeuka machinjio mwaka 1994. Watu waliokuwa wakiitana ndugu walikuwa kwenye pande zote mbili za panga. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na sina jibu la kulimaliza. Ninaloweza kusema ni kwamba mtu anaweza kurudisha jembe na bado asimwone mwenye jembe. Anaweza kusafisha dhamiri yake kama mtu anayesafisha viatu, ili aingie kanisani, jirani yake akibaki kuwa wa kabila lile, wa ukoo ule, yule msichana. Bibi alipomwingiza yule mtu ndani na kumpa buni, alikuwa anafanya kazi ya pili, na nadhani ndiyo ngumu zaidi. Kurudisha kitu kunahitaji jembe. Kumrudisha mtu kunahitaji kiti, na muda wa kukaa naye.

Nami nina langu la kutengeneza, na nisipolisema hapa mhadhara huu utakuwa wa mdomoni tu.

Miaka kumi na mbili iliyopita usharika wetu ulikuwa unajenga. Niliandika ahadi kubwa, na jina langu likabandikwa ubaoni pamoja na kiasi. Mwisho wa mwezi pesa hazikutosha, nikalipa ahadi kwanza. Dada aliyekuwa anatusaidia nyumbani alikuja jioni, akiwa amejifuta mikono kwenye kanga, akasema taratibu: "Mama, samahani, naomba ile haki yangu." Alikuwa na mdogo wake wa kununuliwa sare. Nikamwambia asubiri kidogo. Mwezi wa pili nikampa nusu. Alipoondoka kwenda kuolewa nilimpa vitenge viwili na nauli, tukaagana kwa maombi, nikajiona nimemtendea wema. Tofali zile zipo. Huwa nakaa karibu na ukuta ule, na kwa muda mrefu sikujua ni nani aliyeujenga.

Yesu alisema mtu akiwa madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza. Mimi nilikuwa nimechukua neno la ndugu yangu nikalifanya sadaka.

Mwaka jana, nikiandaa mhadhara huu, nilitafuta daftari langu la matumizi la wakati ule. Nilipiga hesabu mezani usiku mmoja, mwezi kwa mwezi. Torati inataka anayerudisha aongeze sehemu ya tano, basi nikaongeza sehemu ya tano, na ya kutolea. Namba yake niliipata kwa jirani wa zamani. Nikatuma asubuhi, na kutwa nzima sikupata neno. Jioni simu ikaita.

"Mama, shikamoo. Nadhani umekosea namba."

Nikamwambia sikukosea, ni haki yake. Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia watoto, na redio. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya taratibu: "Ya lini?"

Nikafungua daftari, nikaanza kumsomea.