KUFULI SI SHERIA
Mazungumzo juu ya kodi ya duka, kwa wahitimu wa madarasa ya ngumbaru



Leo hatukuja kuwafundisha a, e, i, o, u. Hayo mmeyamaliza. Leo tumekuja kuzungumza juu ya kodi ya duka. Wengi wenu mmejenga vyumba pale sokoni kwa pesa za kahawa, za maziwa, au za ng'ombe mliouza. Wengine wenu ndio mliopanga vyumba hivyo. Mna cherehani, mna hoteli ya chai, mna duka la sukari na chumvi. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Tuanze na kisa tulichokiona wenyewe.

Mzee mmoja, mwanafunzi wetu, alikuwa na vyumba vinne sokoni. Chumba kimoja alimpangisha mama fundi wa nguo, kwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Yule mama akaugua. Miezi mitatu ikapita bila kodi. Mzee naye alikuwa na mtoto katika shule ya sekondari, na karo inadaiwa. Alingoja, akachoka. Asubuhi moja akanunua kufuli kubwa, akafunga mlango. Ndani mlikuwa na cherehani na nguo za shule za watoto wa watu.

Je, mzee alikuwa na haki ya kudai kodi yake? Ndiyo. Deni ni deni, hata kwa mgonjwa. Je, alikuwa na haki ya kufunga mlango? Hapana. Mama alipeleka mashtaka Barazani, na mzee akaamriwa kufungua. Kodi hakuipata siku ile, nauli ilimtoka, na sokoni watu wakamcheka. Sisi walimu wake tuliona haya. Tulimfundisha kusoma, lakini hatukumwambia jambo la kusoma.

Sasa tuseme sheria inavyotaka.

Hapa Kenya kuna Sheria Sura ya 301, iliyotungwa mwaka 1965. Inahusu maduka, hoteli na nyumba za kuuzia chakula. Nyumba za kuishi zina sheria yake nyingine, tusizichanganye. Sura ya 301 inamlinda mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake wa maandishi hauzidi miaka mitano. Huko kwetu sokoni karibu wote ni hao. Tunapatana kwa mdomo, tunapeana mkono, basi. Watu hudhani kwamba asiye na karatasi hana haki. Sivyo. Huyo ndiye sheria inayemlinda.

Mpangaji wa namna hiyo hatolewi kwa maneno, wala kwa kufuli, wala kwa kung'oa mabati. Hatolewi hata kwa amri ya chifu. Hutolewa kwa njia ya sheria tu. Njia yenyewe ni hii:

1. Hakikisha deni limefika. Sheria inakuruhusu kumtoa mpangaji kwa ajili ya kodi kama amekaa miezi miwili tangu siku ya kulipa bila kulipa, au kama kila mara ana tabia ya kuchelewesha kodi. Kuchelewa wiki moja, mara moja tu, hakutoshi.

2. Andika notisi. Iko fomu maalum ya mwenye nyumba, inaitwa Fomu A. Barua ya kawaida haitoshi, na maneno ya mdomo hayafai kabisa. Katika fomu hiyo eleza sababu: ni kodi ya miezi gani, na ni shilingi ngapi.

3. Mpe miezi miwili au zaidi. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku mpangaji alipoipokea notisi, si tangu siku ulipoiandika. Mpe mkononi, au itume kwa posta kwa rejista, na uweke stakabadhi yako.

4. Ngoja jibu. Notisi imtake mpangaji akujibu kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja, kama anakubali au anakataa.

Tuchukue mfano. Mpangaji amepokea notisi tarehe 20 Februari. Notisi inasema atoke tarehe 1 Mei. Hesabuni kwa vidole. Miezi miwili inatimia tarehe 20 Aprili, kwa hiyo notisi hiyo ni halali. Jibu lake litoke kabla ya tarehe 20 Machi kupita. Kama anataka kupinga, apeleke shauri lake Barazani kabla ya tarehe 1 Mei.

Baraza hilo ni Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara. Mpangaji akishapeleka shauri huko, notisi inalala mpaka Baraza litakapoamua. Baraza litasikiliza pande zote mbili. Laweza kuamuru mpangaji atoke, na laweza kuamuru alipe kodi iliyosalia. Asiyeridhika anaweza kukata rufani katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kabla ya siku 30 kwisha.

Na kama mpangaji akinyamaza? Siku ya notisi ikifika, upangaji wake umekwisha. Lakini hata hapo, mzee wangu, usiende na vijana wenye marungu. Kama hataki kutoka, nenda ukapate amri. Vile vile usichukue cherehani yake au sufuria zake ili kufidia kodi. Kukamata mali ya mpangaji wa namna hii kunataka ruhusa ya Baraza kwanza.

Ninyi wapangaji nanyi, msishangilie sana. Sheria haikusema kodi isilipwe. Kupeleka shauri Barazani si kufuta deni. Endelea kulipa kodi ya kila mwezi huku shauri linasikilizwa. Ukipata shida ya ugonjwa au msiba, mwendee mwenye nyumba mapema, lipa kidogo ulicho nacho, na mapatano yenu yaandikwe.

Hapo ndipo kisomo chenu kinapofanya kazi. Sheria inamtaka mwenye nyumba awe na kitabu cha kodi, na ampe mpangaji nakala yake. Kila malipo yaandikwe humo. Wengi walikuwa wakiweka kodi kichwani kwa sababu hawakujua kuandika. Sasa mnajua. Kumbukumbu ya kichwa hubishaniwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule mzee wetu alijifunza. Alinunua daftari la kodi. Yeye na yule mama wakapatana, akalipwa deni lake kidogo kidogo, na kila mara wote wawili walitia sahihi. Zamani wote wawili walitia dole gumba.

Kufuli ni la kufungia mali yako usiku. Mpangaji si mali yako.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Kwa nini mzee alishindwa, ingawa alikuwa akidai haki yake?
2. Mpangaji amepokea notisi tarehe 5 Juni. Je, anaweza kutakiwa kutoka tarehe 1 Agosti? Kwa nini?
3. Nani kati yenu ana kitabu cha kodi? Kileteni darasani wiki ijayo tukisome pamoja.