Picha ya Mwezi Mwandamo na Amana ya Mwenye Kuipiga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyelitia jua mwanga na mwezi nuru, akaupimia mwezi mwendo wake ili waja wake wajue idadi ya miaka. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, waume kwa wake, kila mwaka inapofika siku ya 29 ya Shaabani, na tena ya 29 ya Ramadhani, macho ya umma huelekea magharibi. Zamani aliyeuona mwezi alikwenda kwa miguu yake mpaka mbele ya kadhi au sheikh, akaulizwa: umeuona wapi, saa ngapi, na pembe zake zilielekea wapi? Alijibu kwa ulimi wake, naye alijulikana ni mtoto wa nani na tabia yake ni ipi. Leo mara nyingi shahidi ni picha. Huingia katika simu bila ya kubisha hodi, haina baba wala mtaa, na kabla ya sala ya Isha imekwisha kuzunguka mji mzima. Asubuhi yake nyumba moja hula Idi, na nyumba ya pili, ambayo ukuta wake ni huo huo mmoja, ingali katika saumu. Kwa sababu hiyo ilimu ya kuupiga picha mwezi si mchezo wa vijana tu. Ni jambo linalogusa ibada na udugu.

Wala ilimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufa Cairo karibu na mwaka 1040, alibainisha katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka katika vitu na kuliingia, wala si kwa miali inayotoka katika jicho lenyewe. Akaeleza jinsi sura ya jua lililopatwa inavyopita katika tundu dogo na kutua ukutani ndani ya chumba chenye giza. Na neno kamera asili yake, katika lugha ya Kilatini, ni chumba. Miaka mia nane baadaye, mwaka 1840, John William Draper wa New York alipata picha ya mwezi juu ya bamba la fedha, na ilimpasa kuliacha bamba hilo mbele ya nuru kwa muda wa dakika 20. Leo kazi hiyo hufanywa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kamera inayosifiwa siku hizi kwa kazi hii ni ile isiyokuwa na kioo ndani yake, ambayo ilianza kuenea baada ya mwaka 2008. Katika kamera kubwa za zamani, kioo kidogo kilisimama nyuma ya lenzi na kuipeleka nuru kwenye jicho la mpigaji. Kila picha ilipopigwa, kioo kiliruka juu, na mruko wake uliweza kuitikisa kamera yote. Katika kamera hizi mpya nuru huenda moja kwa moja mpaka kwenye kihisi, yaani kibao kidogo kilichoshika mahali pa filamu, na mpigaji huiona sura ile ile ambayo kihisi kinaiona. Anaweza kuikuza mara nyingi kabla ya kupiga, akaizungusha lenzi pole pole mpaka ukingo wa mwezi uwe mkali kama makali ya wembe.

Watu wengi hushangaa kwamba mwezi uliojaza macho yao hutoka katika picha mdogo kama punje ya mtama. Sababu yake ni kwamba mwezi huchukua nusu ya digrii tu ya mbingu. Lenzi ya milimita 300 huandika juu ya kihisi sura isiyofika hata milimita 3. Na mwezi uchomozao, unaoonekana mkubwa kama sinia, kamera huupima sawa na ule ulio utosini. Ukubwa ule umo katika fahamu ya mtazamaji, na hilo nalo Ibn al-Haytham alilitaja. Basi ikiwa jicho la mtu mkweli laweza kumhadaa katika jambo lililo wazi namna hiyo, haifai mtu kuona haya kuulizwa mara mbili juu ya alichokiona.

Mwenye kutaka kuupiga mwezi mpevu na akumbuke kuwa mwezi ule unawakiwa na jua, kwa hiyo kipimo chake ni kama cha mchana: tundu la lenzi f/11, ISO 100, na sehemu ya 1/100 ya sekunde. Hilali ni kinyume chake. Ni uzi mwembamba ndani ya mbingu ambayo bado ina mwanga. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, huamrishwa ichelewe sekunde 2 ili mkono usiitikise, na muda wa kupokea nuru huongezwa kidogo kidogo kadiri giza linavyoingia. Lakini usirefushwe kupita kiasi, kwani mwezi husogea mbinguni kadiri ya upana wake kwa kila dakika 2. Na kabla ya jua kuzama kabisa, lenzi isielekezwe kwake, wala mtu asilitazame jua kwa darubini. Mtu aliyetoka nyumbani kuitafuta hilali hatakiwi kurudi kipofu.

Kila mji una mbingu yake. Mtu asimamaye ufukweni Bujumbura huliona Ziwa Tanganyika mbele yake, na ng'ambo ya maji ipo milima ya Kongo juu ya Uvira, upande ule ule jua linakozama. Mlima unaopanda mita 2,000 juu ya ziwa, ukiwa mbali kilomita 30, huziba karibu digrii 4 za mbingu. Hizo ni miezi minane iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na ni robo saa ya mwendo wake. Kwa hiyo hilali changa yaweza kuwa juu ya upeo wa hesabu huku mtu wa Bujumbura hana njia ya kuiona. Aliyesema hakuuona si mzembe, na aliyeuona mahali pasipo na mlima si mwongo. Laiti hili lingejulikana na wote, maneno mengi makali yasingesemwa misikitini.

Upo pia mpaka wa jicho. André Danjon wa Ufaransa alieleza katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa karibu na jua chini ya digrii 7 hivi, uzi wake hauonekani. Lakini tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa mwingine, Thierry Legault, aliupiga picha mwezi mchana, katika dakika ile ile ya kukutana kwake na jua, ukiwa mbali nalo digrii 4.4 tu. Alitumia darubini, ngao ya kuzuia miali ya jua, na nuru nyekundu ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Mwezi ule ndio uliokuwa wa Ramadhani ya mwaka 1434, na Saudia ilianza kufunga tarehe 10 Julai. Picha ile ilikuwa ya kweli, wala hapana shaka juu yake. Hata hivyo haikuwa hilali iliyoonwa na mtu yeyote kwa jicho lake. Maulamaa wanahitilafiana juu ya hesabu na vyombo, na hitilafu yao ina heshima yake. Lakini hata anayekubali chombo hana budi kujua chombo kimeona nini.

Basi picha ni mjumbe, na mjumbe huulizwa khabari za aliyemtuma. Nani aliyeipiga? Alisimama wapi? Saa iliyoandikwa ndani ya kamera ilikuwa sahihi, au ilikuwa saa ya nchi nyingine, au imebadilishwa? Je, picha ile ya asili ipo, au iliyopo ni nakala ya nakala? Na hilali yenyewe imelalaje? Katika nchi zilizo karibu na mstari wa Ikweta, mwezi mwandamo wa jioni kwa kawaida hulala kama mtumbwi, pembe zake zikielekea juu, na mgongo wake wenye nuru huelekea kule jua lilikozama. Katika nchi za mbali kaskazini huinama ubavu. Picha isemwayo kuwa ya Bujumbura, nayo ina mwezi uliosimama wima, imejitolea ushahidi dhidi yake yenyewe.

Kijana mwenye kamera ameshika amana. Akiupata mwezi, na aende na picha yake na ulimi wake kwa wale waliokabidhiwa jambo hilo, awajibu kwa adabu, kabla ya kuituma mahali popote. Akikosa, na aseme amekosa, kwani kukosa kwa kweli ni bora kuliko kupata kwa uwongo. Na jumuiya ifanyayo busara itamchagua mmoja wa vijana hao, imnunulie stendi imara, na kila tarehe 29 ya mwezi, si ya Shaabani peke yake, imtume pamoja na mzee mwenye macho mazuri. Mzee atazame, kijana apige, na wote wawili waandike daftarini. Baada ya miaka michache daftari hilo litazima ugomvi mwingi.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo za Waislamu, aitakase saumu yao na Idi yao, na awape macho ya kuona na ndimi za kusema kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.